Hospitali yenye wanafunzi wa udaktari: mgonjwa anapona zaidi, au anageuzwa daftari la kujifunzia?

#1 Mtoto wa Isevya

Wakuu salaam.

Mwaka huu nimeuguza sana, kwanza hapa Tabora na baadaye Mwanza. Nimetoka na msimamo ambao najua wengi mtaupinga: ukiwa na mgonjwa, bora alazwe penye wanafunzi wa udaktari na unesi kuliko pale wasipofika kabisa.

Sababu ya kwanza ni mama yangu mdogo. Ana kisukari cha siku nyingi. Alilazwa na homa ambayo chanzo chake hakikuonekana. Malaria hana, mkojo safi, kifua kimepigwa picha, hakuna kitu. Siku ya raundi wanafunzi wakaja kundi zima, wakaondoka. Jioni mmoja akarudi peke yake, binti mdogo, koti limemzidi mabega. Akaanza kumhoji upya tangu mwanzo, mama mdogo anajibu kwa kuchoka. Kisha akaomba amvue soksi. Akatenganisha vidole vya mguu kimoja kimoja, huku anamulika kwa tochi ya simu. Kati ya kidole cha nne na cha mwisho kulikuwa na kidonda kinachotoa maji. Mwenye mguu hakujua kama kipo, maana kisukari kilishamtia ganzi siku nyingi. Homa ilitoka hapo. Kesho yake dawa zikabadilishwa.

Sababu ya pili ni utafiti. Mwaka 2017 jarida la JAMA lilitoa hesabu za wazee wa Marekani waliotibiwa kwa bima ya Medicare: zaidi ya mara milioni 21 za kulazwa, hospitali 4,483. Baada ya kusawazisha hali za wagonjwa, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 8.3 kwenye hospitali kubwa za kufundishia, na asilimia 9.5 kwenye zisizofundisha.

Swali langu: tofauti hiyo inaletwa na nini hasa? Ni wanafunzi wenyewe, mabingwa, vifaa, au pesa? Karibuni.

#2 Mama Tatu

Umeandika kama mtu aliyekaa kwenye kiti pembeni ya kitanda. Sisi tunaolala kitandani tuna habari nyingine.

Nilijifungua kwenye hospitali moja, sitaitaja. Nikiwa leba, wanafunzi walinipima njia mmoja baada ya mwingine. Mmoja anamaliza, anamwambia mwenzake "hebu na wewe sikia", wa pili anavaa glavu. Hakuna aliyeniambia jina lake wala kuniuliza kama nakubali. Nilikuwa na uchungu, nikashindwa hata kusema hapana. Mtoto yupo, mzima, namshukuru Mungu. Lakini ukiniambia wanafunzi ni baraka kwa mgonjwa, nakumbuka ile meza ya kujifungulia.

#3 Sista Mkunga (Kasulu)

Mama Tatu, pole sana mdogo wangu. Kilichofanyika hapo ni kosa, na nalisema nikiwa mkunga ninayepokea wanafunzi.

Kwa wanaosoma: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mama mwenye uchungu wa kawaida apimwe njia kila baada ya saa nne. Vipimo visirundikane, hasa vya watu wengi tofauti, kwa sababu kila mkono unaoingia unaongeza hatari ya maambukizi. Mwanafunzi akipima, anapima kwa zamu ya kipimo kilichopangwa, mkunga yupo pembeni, na mama ameombwa ruhusa. Akikataa, anahudumiwa kama kawaida na hakuna wa kumnunia.

Mleta uzi, kisa cha mama yako mdogo nakiamini. Ila angalia: yule binti aliona kidonda kwa sababu alikuwa na muda. Nesi wa zamu ile alikuwa na wagonjwa wangapi?

#4 Ng'wana Nzega

Mwangaluka wakuu!

Sista kamaliza. Naongeza moja: Marekani si Tabora. Hospitali kubwa za kufundishia kule zina fedha, mabingwa wa kila kiungo, mashine za kila aina. Wanafunzi wamekuta utajiri wakakaa. Ukisema wanafunzi ndio wanaoponya ni sawa na kusema kunguru ndio wanaoleta mnada, kwa kuwa kila penye mnada wapo.

Halafu Mtoto wa Isevya, tangu lini umeanza kusoma majarida ya Marekani? Juzi tu ulikuwa unabishania bei ya asali.

#5 Daktari wa Zamu

Habari zenu. Mimi nipo mwaka wa mafunzo kwa vitendo, nimemaliza miaka mitano ya chuo. Nazungumzia ninachokiona kila asubuhi.

Ng'wana Nzega, hoja ya pesa ina uzito, lakini kuna kitu unakiruka. Bingwa anapopita raundi peke yake anaweza kusoma faili, akasema "endeleeni na dawa zile zile", akahamia kitanda cha pili. Akiwa na wanafunzi hawezi. Atamuuliza mmoja: kwa nini mgonjwa huyu yupo kwenye dawa hii? Siku ya ngapi leo? Majibu ya damu yako wapi? Mwanafunzi akikosa jibu, faili linafunguliwa mbele ya wote, na hapo ndipo tunagundua kipimo kilichoombwa juzi hakijachukuliwa. Nimeona dawa zikisimamishwa namna hiyo, na watu wakiruhusiwa kwenda nyumbani ambao wangelala pale wiki nzima bila sababu.

Kwa hiyo jibu langu kwa #1: swali likiulizwa kwa sauti, mgonjwa anafaidika.

#6 Mpenda Takwimu

Tusikimbie upande mmoja. Historia ya wanafunzi wodini ina kurasa za damu.

Vienna, mwaka 1847. Hospitali moja yenye vitengo viwili vya uzazi. Cha kwanza kinafundisha wanafunzi wa udaktari, cha pili kinafundisha wakunga. Homa ya uzazi ilikuwa inaua akina mama kwenye kitengo cha kwanza mara mbili hata zaidi ya kile cha pili. Wanawake walikuwa wanabembeleza wasipangiwe cha kwanza. Daktari wa hapo, Semmelweis, akagundua vijidudu kwenye mikono ya wanafunzi waliotoka kupasua maiti, akaamuru wote wanawe kwa maji ya klorini, vifo vikashuka.

Na msiseme ni mambo ya kale. Uingereza madaktari wapya wote huanza kazi siku moja, Jumatano ya kwanza ya Agosti. Utafiti wa mwaka 2009 ulilinganisha wagonjwa wa dharura waliolazwa siku hiyo na waliolazwa Jumatano ya mwisho ya Julai. Uwezekano wa kufa ulikuwa juu kwa asilimia 6.

#7 Fundi Maabara

Sahihisho kwa #6: Semmelweis hakugundua vijidudu. Mwaka 1847 hakuna aliyekuwa anavihusisha na homa ya uzazi. Yeye alisema mikono inabeba chembe za maiti. Aliyekuja kuonyesha vijidudu vyenyewe kwa akina mama wenye homa hiyo ni Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, mwaka 1879. Wakubwa wake walimbeza Semmelweis kwa sehemu kwa sababu hiyo, kwamba alikuwa na namba bila maelezo.

Mengine uliyoandika yako sawa.

#8 Daktari wa Zamu

#6 hiyo ya Agosti naijua, tulifundishwa. Lakini haisemi wanafunzi ni hatari. Inasema wageni wote kuingia siku moja na wazoefu kuondoka siku hiyo hiyo ni hatari. Anayejua dripu ziko kabati lipi na maabara inafungwa saa ngapi amehama, na amehama na hizo habari zote.

#9 Mzee wa Ujiji

Wanangu, mmezunguka Marekani, Vienna na Uingereza, mkapita juu ya Kigoma mkaelekea Ulaya. Utafiti mzito kuliko yote hiyo umefanyika hapa kwetu, hospitali ya mkoa, Maweni.

Daktari Godfrey Mbaruku alikuwa akifanya kazi hapa miaka ya themanini. Kwanza alirudi nyuma kupitia vifo vya akina mama vya 1984 hadi 1986. Alichokikuta ni kwamba hata daftari la vifo lilikuwa na mapengo, vifo vilivyotokea ni vingi kuliko vilivyoandikwa. Kisha kuanzia 1987 ukaanza mpango wa mambo 22. Yeye na mwenzake Bergström wa Sweden waliuchapisha mwaka 1995. Vifo vya uzazi vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000, kati ya 1984 na 1991.

Sasa sikilizeni hayo mambo 22 yalikuwa ya namna gani. Hayakuwa mashine. Vikao vya mara kwa mara vya kupitia kila kifo na kuuliza tumekosea wapi. Mafunzo ya watumishi hapo hapo kazini. Ratiba ya kutunza vifaa ili visife. Damu ipatikane. Taratibu za kumtibu mgonjwa na za kumpa rufaa aliyezidiwa. Kusikiliza malalamiko ya wananchi. Kuangalia watumishi muhimu wanaishi umbali gani na hospitali. Kutengeneza maji ya dripu papo hapo. Kuchangisha fedha za wenyeji. Kwa vile vilivyopo Kigoma, enzi ambazo mgeni alifika kwa treni au kwa meli.

Kwa hiyo mtoto wa Tabora, unapouliza tofauti inatoka wapi, anzia hapo. Mafunzo yalikuwemo, lakini yalifungwa pamoja na kikao, damu na nyumba ya mtumishi.

#10 Mtoto wa Isevya

Shikamoo mzee. Hii sikuwahi kuisikia, na nimesoma shule hapa Tabora miaka yote. Kushuka kutoka 933 hadi 186 ni kubaki na karibu moja ya tano tu! Mbona hatukufundishwa?

#11 Ng'wana Nzega

Watu wa Kigoma hawajisifu, wanakula samaki wao mgebuka kimya kimya.

#12 Binti Kibirizi

Mwakeye! Mgebuka unalika hadharani, njooni Kibirizi asubuhi muone. Tatizo lenu watu wa Tabora mnadhani reli inaishia kwenu.

#13 Mpenda Takwimu

Turudi kwenye uzi. Mzee wa Ujiji, heshima kwako, na kazi ya Maweni naiheshimu. Ila nina maswali mawili.

Moja, ni ulinganisho wa kabla na baada, hospitali moja, hakuna ya kulinganishia. Miaka ile kingine chochote kingeweza kubadilika: barabara, akina mama wanaowahi, dawa kufika. Mbili, mambo 22 yamefanywa kwa pamoja. Lipi lilifanya kazi? Ukiniambia yote, basi hatujui lolote.

#14 Sista Mkunga (Kasulu)

Mpenda Takwimu, swali lako ni zuri kwa mtu wa takwimu. Mimi wa leba hilo la mambo 22 kwa pamoja halinisumbui. Mama anayevuja damu anahitaji mikono inayojua, damu iliyopo, na mtu wa kumwita anayeishi jirani. Ondoa moja, mbili zilizobaki hazimwokoi. Unataka kupima ipi peke yake?

#15 Fundi Maabara

Mimi nasema damu. Nipo kwenye benki ya damu, najua. Mkunga aweze kila kitu, daktari awe bingwa, friji ikiwa tupu wote wanasimama wanaangaliana. Chupa moja inakaa siku 35 tu kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 6, umeme ukikatika na jenereta halina mafuta imeharibika. Kwenye ile orodha ya mzee, damu imetajwa. Watu wanapita juu yake wanakimbilia vikao.

#16 Tabibu wa Kaliua

Naomba niingie. Mimi ni tabibu, si daktari, na kila uzi wa namna hii unazungumzia madaktari kama vile vijijini wapo.

Kuna utafiti mwingine uliohusisha Kigoma, pamoja na Mwanza, uliochapishwa 2009. Waliangalia upasuaji mkubwa wa uzazi kwenye hospitali. Kati ya wanawake 1,072 waliopasuliwa, 945 walipasuliwa na madaktari wasaidizi, yaani tabibu aliyerudi chuo miaka miwili ya ziada. Madaktari kamili walipasua 127. Matokeo kwa mama na mtoto hayakutofautiana kwa kiwango cha maana.

Kwa hiyo nauliza: elimu ndefu ya udaktari inamsaidia mgonjwa kwa kiasi gani, kama aliyesoma miaka michache na kufanya kazi ile ile mara nyingi anafikia matokeo yale yale? Mimi naona mazoea ya mkono ndiyo mwalimu.

#17 Daktari wa Zamu

Kaka Tabibu, heshima. Ila huenda wagonjwa wagumu zaidi walipelekwa kwa daktari kamili, halafu matokeo yakaonekana sawa.

#18 Tabibu wa Kaliua

Huenda. Na huenda hapakuwa na daktari wa kumpelekea. Wewe umeshawahi kukaa kituo ambacho barabara imekatika na wewe ndiye mkubwa wa zamu? Mimi ndipo nilipo.

#19 Mama Tatu

Naona mnabishana nani ameshika kisu. Hamjamgusa aliyelazwa.

Kuna mtu ana utafiti wowote kuhusu namna wanavyozungumza na sisi? Maana mimi kisu sikukiogopa. Nilichokiona ni watu kuzungumza juu ya tumbo langu kwa Kiingereza kana kwamba mwenye tumbo hayupo.

#20 Mpenda Takwimu

Upo, dada. Philadelphia, chuo cha Jefferson, walipima huruma ya wanafunzi wa udaktari mwaka hadi mwaka. Mwaka 2009 wakatoa matokeo: huruma inakaa vizuri miaka miwili ya kwanza, inashuka mwaka wa tatu. Mwaka wa tatu ndio wanapoingia wodini kukutana na wagonjwa.

Mwaka 2011 wakaangalia wagonjwa wa kisukari. Wale waliotibiwa na madaktari wenye alama za juu za huruma, asilimia 56 sukari yao ilikuwa imedhibitiwa vizuri. Kwa madaktari wa alama za chini ni asilimia 40.

#21 Fundi Maabara

Hiyo ya huruma kushuka ni dodoso, mwanafunzi anajijazia mwenyewe. Labda mwaka wa kwanza anaandika anachotamani kuwa, mwaka wa tatu anaandika ukweli.

#22 Daktari wa Zamu

Au amechoka. Mwaka wa tatu mtu halali. Nimemwona mwenzangu mwenye roho nzuri kuliko sote akimjibu bibi kwa ukali saa kumi alfajiri, kisha akaenda kulia kwenye chumba cha dripu. Kama wanataka kujua huruma inakwenda wapi, waanzie kwenye ratiba ya zamu.

Na Mama Tatu, hilo la Kiingereza juu ya tumbo ni kweli tunalifanya. Mwalimu mmoja alitukataza. Alitaka kila mmoja amweleze mgonjwa kwa Kiswahili kile alichoripoti kwenye raundi, palepale. Mara nyingi mgonjwa alisahihisha: "Hapana, homa ilianza kabla ya kuhara." Tukafuta, tukaandika upya.

#23 Binti Kibirizi

Kuhusu kuzungumza na mama wa leba, Kigoma kulikuwa na mradi kati ya 2016 na 2018 wa kumruhusu mjamzito aingie na mtu wake wa karibu. Vituo tisa viliingia. Zaidi ya wanawake wanane kati ya kumi waliojifungua hapo walikuwa na mtu huyo wa karibu, na waliridhika zaidi kuliko kwenye vituo vya kulinganishia. Dada yangu aliingia na shangazi. Shangazi alikuwa anamsugua mgongo na kumpa uji. Hilo Mpenda Takwimu analipimaje?

#24 Mpenda Takwimu

Hilo limepimwa, tena lina vituo vya kulinganishia. Nalikubali kuliko la Maweni.

#25 Mzee wa Ujiji

Mwanangu una kichwa kigumu, na ndivyo msomi anavyotakiwa kuwa.

#26 Ng'wana Nzega

Kumbe mimi nilikuja kutania tu, nimekwama hapa tangu jioni. Swali kwa Sista: mafunzo ya kazini yanasaidia kweli? Maana tunaona watumishi wanaitwa semina, wanarudi na begi na kofia.

#27 Sista Mkunga (Kasulu)

Swali hili ndilo nililolisubiri.

Yanasaidia au hayasaidii kutegemea yanavyofanywa, na ushahidi ni wa hapa Tanzania. Yapo mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga apumue. Unatumia mdoli, mfuko wa kupumulia na kifyonzeo. Mtoto asipolia, umkaushe, umsugue, na ndani ya dakika ya kwanza awe ameanza kupata hewa. Tunaiita dakika ya dhahabu. Yalipoletwa kwenye hospitali nane nchini, utafiti wa 2013 ulionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kwa asilimia 47, kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila 1,000.

Lakini hospitali ya Haydom kule Arusha walifanya mafunzo ya siku moja, wakapima. Kwa mdoli watumishi walifanya vizuri kabisa. Kwa mtoto halisi, hakuna kilichobadilika. Ndipo wakabadili utaratibu: mdoli ukawekwa pale pale wodi ya wazazi, mazoezi mafupi ya dakika chache, ya mara kwa mara. Vifo vya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000.

Kwetu tunafanya hivyo wakati wa kukabidhiana zamu. Anayeingia anamkuta mdoli mezani, anashika mfuko, mwenzake anahesabu kwa sauti. Barakoa isipokaa vizuri usoni, kifua cha mdoli hakipandi, na wote tunaona. Mwanafunzi anashika wa kwanza, mimi wa pili. Tangu tuanze, wanafunzi ndio wanaotukumbusha siku tukisahau.

#28 Tabibu wa Kaliua

Haydom ipo Mbulu, Mkoa wa Manyara. Zamani ilikuwa Arusha kabla mkoa haujagawanywa.

Hiyo ya mdoli wodini inanipa nguvu. Ni hoja yangu ile ile ya mazoea ya mkono.

#29 Mpenda Takwimu

Na hizo zote mbili ni kabla na baada. Naendelea kusema tu.

#30 Daktari wa Zamu

Mpenda Takwimu, na ile karatasi ya ukaguzi ya kabla ya upasuaji? Ilipojaribiwa vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

#31 Ng'wana Nzega

Hizo ni za Wazungu tena.

#32 Daktari wa Zamu

Si za Wazungu peke yao. Hospitali zilikuwa nane duniani, na mojawapo ni Ifakara, Morogoro. Matokeo yalichapishwa 2009.

#33 Mpenda Takwimu

Nayo ni kabla na baada. Na jimbo la Ontario, Kanada, walipoilazimisha kwenye hospitali 101, utafiti wa 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiwango cha maana. Sababu zinazotajwa ni nyingi. Wengine wanasema walijaza karatasi bila kuzungumza. Wengine wanasema kule vifo vilishakuwa vichache. Wengine wanasema muda ulikuwa mfupi.

#34 Sista Mkunga (Kasulu)

Kujaza bila kuzungumza naijua sana. Daftari la ripoti ya zamu unaweza kulikuta limeandikwa "wagonjwa wote wanaendelea vizuri" na kitanda cha sita mtu anahema kwa shida. Kukabidhiana ni kwenda kitanda hadi kitanda, siyo kusaini. Kule Marekani na Kanada walifundisha madaktari wanaosomea ubingwa kwenye hospitali tisa za watoto namna ya kukabidhiana wagonjwa kwa mpangilio mmoja. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara yanayozuilika asilimia 30. Hiyo ni ya 2014.

#35 Mtoto wa Isevya

Nimesoma zote. Natetea hoja yangu, ila naielekeza: natafuta hospitali ambayo mwanafunzi ana mtu nyuma yake. Binti aliyeona kidonda hakubadilisha dawa mwenyewe. Alimpigia mkubwa wake simu, mkubwa akaja usiku ule ule akaangalia. Mama Tatu alikutana na wanafunzi ambao hawakuwa na mtu.

#36 Mama Tatu

Mtu alikuwepo. Alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia. Usimtoe.

#37 Mtoto wa Isevya

Basi hapo sina jibu, dada. Pole.

#38 Sista Mkunga (Kasulu)

Huyo aliyesimama mlangoni ndiye anayetakiwa kufundishwa kwanza. Waalimu wa wodini wengi wetu hatujawahi kufundishwa kufundisha. Tunarithi: nilivyofanyiwa ndivyo nifanyavyo.

#39 Fundi Maabara

Na mimi sijajibiwa kuhusu damu. Mnafundisha mikono, mnafundisha waalimu, friji yangu haina chupa.

#40 Sista Mkunga (Kasulu)

Nakujibu kaka. Mara ngapi damu ipo na tumechelewa kuiomba? Tunakadiria kwa macho damu iliyomwagika kwenye kanga na shuka, na macho yanapunguza. Utafiti uliotoka 2023 ulifanywa Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, hospitali karibu 80. Nusu walipewa shuka la plastiki lenye mfuko wenye alama za kupimia damu, pamoja na mafunzo ya kutoa matibabu yote kwa mkupuo. Waliopata madhara makubwa ya kutoka damu walikuwa asilimia 1.6, kwa wengine asilimia 4.3. Huo una kundi la kulinganishia, Mpenda Takwimu asiseme.

#41 Mpenda Takwimu

Huo sisemi. Ila vifo vyenyewe havikutofautiana sana, vilikuwa vichache pande zote. Na shuka na mafunzo vilikwenda pamoja, kwa hiyo tumerudi kwenye mambo 22 ya mzee.

#42 Fundi Maabara

Ukijua mapema kwamba mama amepoteza lita moja, unaniletea fomu mapema, na mimi bado sina chupa. Sista, kwenu Kasulu wachangiaji mnawapata wapi? Kwetu ndugu wakifika wanatajana majina nani atoe, mpaka saa mbili zinapita. Shule zikifungwa, wanafunzi wanaochangia nao hawapo, ndiyo kabisa.

#43 Sista Mkunga (Kasulu)

Sisi tunamwuliza mama kliniki, ujauzito ukifika miezi minane: nani atakusindikiza, na kati yao nani yuko tayari kutoa damu? Tunaandika majina mawili kwenye kadi. Kazi hiyo tumewapa wanafunzi wa unesi, kila Jumanne na Alhamisi. Wanaume wanawasikiliza wao kuliko sisi.

#44 Fundi Maabara

Majina mawili kwenye kadi. Na mnawapima kundi la damu mapema au mnasubiri siku ya uchungu?